Kufunga Jigi Nyumbani: Mwongozo wa Kuanzia kwa Mvuvi wa Mombasa

Jigi ni chambo cha bandia chenye sehemu mbili: kichwa kizito kilichoshikamana na ndoana, na mkia wa nywele, manyoya au nyuzi uliofungwa nyuma ya kichwa hicho. Kichwa hukipeleka chambo chini, mkono wa mvuvi hukiinua na kukiachia, na mkia hufunguka na kujikunja majini hata samaki akadhani ni dagaa au kamba anayejaribu kutoroka. Ukiiacha ndoana, hakuna kipande chake kinachohitaji mtambo wa kiwanda. Kwa sababu hiyo jigi humfaa mno mtu anayetaka kujitengenezea chambo mezani kwake, na si jambo geni pwani hii, kwani wavuvi wa kurambaza huchambua kamba ya nailoni na kuifunga kwenye ndoana ya nguru au jodari bila kungoja duka liwaletee chochote.

Sababu ya kujifungia si kuokoa fedha tu. Bahari yetu ina matumbawe, mizizi ya mikoko, nguzo za magati na kamba kuukuu zilizozama, na jigi inayogusa chini, kama inavyotakiwa kugusa, iko siku itanasa na kupotea. Mvuvi mwenye jigi mbili za dukani huvua kwa woga. Huzipitisha mbali na jabali, ilhali chewa na changu wakubwa wamejificha jabalini humo humo. Aliyejaza kopo la jigi alizozifunga kwa mkono wake huitupa pale panapostahili, na ikikatika hufunga nyingine usiku uo huo. Hiyo ndiyo faida ninayoithamini zaidi, na ndiyo inayoongeza samaki.

Risasi kwanza

Wengi wanaotaka kujitengenezea jigi huanza kwa kufikiria kichwa, na kwa kuwa kichwa ni risasi, ile metali nzito ya kijivu, hufikiria moto wa kuiyeyushia. Ninakuomba usianzie hapo, na kama nyumbani kuna watoto au mama mjamzito, usifike hapo kabisa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 hivi za selisiasi, joto ambalo jiko la makaa lililopulizwa hulifikia bila taabu, na wepesi huo ndio unaowahadaa watu. Vumbi lake na utandu wa kijivu unaoelea juu yake hushika mikononi, nguoni na sakafuni, na mtoto anayetambaa huukusanya uchafu huo kwa vidole na kuutia kinywani. Dhara la risasi kwa ubongo wa mtoto halirudishwi kwa dawa. Zaidi ya hayo, tone moja la maji, au unyevu tu uliojificha ndani ya kalibu, hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha risasi ya moto usoni mwa aliyeinama, na hewa ya mji wetu haikauki mwaka mzima.

Mombasa haihitaji kufundishwa jambo hili na watu wa mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini, watoto kwa watu wazima. Kesi yao, iliyopiganiwa na Phyllis Omido, ambaye mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Risasi ya betri ni mbaya kuliko zote kwa sababu huja na tindikali pamoja na metali nyingine zenye sumu, na ndiyo hiyo inayopatikana kwa urahisi kwa wauza vyuma chakavu. Usiinunue na usikubali kupewa bure.

Hata risasi iliyokwisha kutengenezwa ina adabu yake. Osha mikono kwa sabuni kila unapomaliza kuishika na kabla ya kula. Acha kabisa desturi ya kubana vidonge vya risasi kwa meno, ambayo nimeiona kwa wavuvi wazima walio wazuri katika kila jambo jingine. Koleo dogo linatosha. Kichwa cha risasi kipakwe rangi au gundi ngumu kabla ya kutumika, ili risasi isiguse ngozi ya mkono wala isijipanguse ndani ya mfuko.

Kupata kichwa bila moto

Njia nyepesi kuliko zote ni kununua vichwa vitupu, yaani ndoana iliyokwisha kumiminiwa kichwa, ambavyo maduka ya vifaa vya uvuvi huviuza bila mkia na kwa uzito mbalimbali. Chagua vyenye shingo nyuma ya kichwa, kipande kifupi cha risasi kinachofunika shina la ndoana, kwa sababu shingo hiyo ndiyo mahali pa kufungia mkia. Maduka mengi hupima kwa aunsi: robo aunsi ni gramu 7, nusu aunsi ni gramu 14, na aunsi moja ni gramu 28.

Usipovipata, chukua risasi ya mshipi yenye umbo la yai na tundu katikati, na ndoana ya shina refu ambayo jicho lake linapita katika tundu hilo. Ipenyeze risasi hadi iguse nyuma ya jicho bila kulimeza, zungusha uzi nyuma yake mpaka uwe kifundo cha kuizuia isirudi, kisha jaza tundu kwa gundi ya mirija miwili ile ya kuchanganywa. Kichwa hiki hufaa kwenye mchanga na katika maji ya kina yasiyo na jabali, kwani uzito wake umelizunguka shina pande zote na ndoana husafiri ncha ikiwa chini. Kwenye matumbawe itanasa mara kwa mara.

Ili ndoana ielekeze ncha yake juu, uzito ukae upande mmoja wa shina, upande ule usio na ncha, na maji yenyewe yataigeuza. Mmarekani Bob Clouser wa Pennsylvania aliutumia ujuzi huu katika miaka ya 1980 alipofunga chambo chake cha vishanga viwili vizito juu ya shina, nacho kikaenea duniani kote. Kwetu sisi vishanga hivyo vinapatikana kwenye mnyororo mwembamba unaoshikilia kizibo cha sinki: kata vishanga viwili vikiwa bado vimeungana, viweke kwa upana juu ya shina, karibu theluthi moja ya urefu kutoka kwenye jicho, na uvifunge kwa uzi unaopita kimshazari kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, mpaka visitikisike. Hakikisha mnyororo ni wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu. Jigi ya namna hii ni nyepesi na haitafika mbali ikirushwa, lakini kwenye hori tulivu, kutoka mtumbwini, inavua vizuri ajabu.

Ndoana yenyewe usiionee uchungu. Kwa kuanzia, namba 1/0 na 2/0 zinatosha kwa changu na kolekole wa wastani. Kwa chewa wakubwa panda hadi 4/0 au 5/0. Kumbuka kwamba namba zenye mkwaju na sifuri huongezeka kadiri ndoana inavyokuwa kubwa, ilhali namba tupu, kama 2, 4 na 6, huongezeka kadiri inavyokuwa ndogo. Wanunuzi wapya huchanganya mara nyingi. Jaribu ncha kwa kuiburuza juu ya ukucha wa gumba: inayoteleza ni butu, inayokwama ni kali.

Uzi

Ukinilazimisha nitaje kitu kimoja kinachoamua kama jigi itadumu, nitataja uzi. Kichwa kinaweza kuwa kizuri na nywele zikawa nzuri, lakini uzi ukilegea mkia wote utazunguka shingoni na kuchomoka samaki wa pili anapouma. Kazi yote ya kufunga jigi, ukiitazama vizuri, ni kazi ya kukaza uzi kwa kiasi kinachofaa, na mkono hujifunza jambo hilo kwa kufanya.

Usitumie uzi wa pamba, kwa sababu hunywa maji, hufura na kuoza. Tumia poliesta au nailoni ya cherehani, ambayo imejaa tele katika maduka ya vifaa vya ushonaji ya barabara ya Biashara. Chagua ulio mwembamba lakini mgumu kukatika. Uzi mnene hujaza shingo kabla hujafunga fungu la pili la nywele, na ule wa mafundi viatu, ambao wengi huukimbilia kwa kuuona imara, uachie jigi kubwa za bahari kuu.

Kabla ya kufunga chochote, fanya zoezi hili: bana ndoana tupu, anza kuzungusha uzi, kisha uvute polepole mpaka ukatike. Rudia mara kadhaa, kwa makusudi. Baada ya muda vidole vitatambua pale uzi unapoanza kunyooka na kulia kabla ya kukatika, nawe utajifunza kufanya kazi yako yote karibu kabisa na mpaka huo bila kuuvuka. Anayeliruka zoezi hili hufunga kwa kulegeza akiogopa uzi usikatike, na jigi zake huchakaa mapema.

Upake uzi nta kidogo kwa kuuburuza juu ya kipande cha nta ya nyuki au cha mshumaa, ili ushike mahali unapowekwa. Ukikosa kishikio maalumu cha kibiringo, pitisha uzi ndani ya mrija mtupu wa kalamu ya biki ili uuelekeze kwa usahihi, na uning'inize kibanio kizito cha chuma kwenye uzi unapohitaji mikono yote miwili, nacho kitauweka katika mkazo wakati unaandaa nywele.

Nywele za mkia

Mafunzo mengi ya kigeni husisitiza mkia wa kulungu wa Marekani. Nywele za kulungu huyo, hasa zile za karibu na shina la mkia, zina uwazi ndani yake, kwa hiyo uzi ukizibana hutanuka zenyewe na kukifunika kichwa pande zote. Nywele tulizo nazo hapa ni tofauti: hazitanuki. Lakini tofauti hiyo si upungufu, mradi ubadilishe namna ya kufunga, jambo nitakalolieleza hapo mbele.

Nywele za mbuzi ndizo ninazozipenda. Ni laini, hucheza majini hata jigi ikiwa imetulia, na baada ya Idi ya kuchinja hakuna mtaa unaokosa ngozi. Omba kipande chenye nywele ndefu, za mgongoni, mkiani au za ndevu za beberu, na kitangulize cheupe. Kwangua mafuta yote yaliyobaki upande wa ndani, paka chumvi nyingi, acha kikauke kivulini kwa siku kadhaa, kisha osha nywele kwa sabuni, zisuuze na uzikaushe tena. Kipande kisichokaushwa sawasawa kitanuka na kuleta wadudu ndani ya nyumba, na hapo wenyeji wa nyumba watakuwa na haki ya kukutoa nje na kazi yako. Nywele za mkia wa ng'ombe, zile zitumikazo kutengenezea usinga, ni ndefu na ngumu zaidi, na hufaa kwa jigi kubwa za kolekole na mzia.

Kwa rangi, hina ya kawaida hufanya kazi nzuri sana juu ya nywele nyeupe za mbuzi. Ikorogwe kama ya kupaka mikononi, nywele zilowekwe humo kwa saa chache, zisuuzwe, na zitatoka na wekundu wa udongo unaokaribiana na rangi ya kamba wa matopeni. Hina haishiki kwenye nywele za plastiki.

Nazo nywele za plastiki za kusukia, zile za saluni, usizidharau. Zinapatikana kwa kila rangi, hazinuki, haziozi, na pakiti moja itakuhudumia muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba zina urefu sawa na ncha butu, hivyo zikikatwa kwa mkasi mara moja huonekana kama mswaki majini. Zikate kwa kuzinyofoa kidogo kidogo, au zivute pande mbili mpaka ncha zisilingane, kisha ndipo ufunge. Kwa mng'aro, chukua nyuzi za zari, zile zinazotariziwa kwenye nguo za harusi. Nne hadi sita zinatosha kwa jigi moja. Manyoya marefu ya shingo ya jogoo nayo yanafaa, mawili kila upande, ukitaka mkia mwembamba wa kuchezacheza.

Kufunga, hatua kwa hatua

Utahitaji kitu cha kuibana ndoana imara. Jiriwa ndogo ya mezani ndiyo bora, na koleo la kujifunga lenyewe, likikazwa kwenye ukingo wa meza, litatosha mpaka uamue kama kazi hii umeipenda. Bana ndoana kwenye pindo lake, shina likiwa limelala sawa na meza. Weka taa karibu, na mkasi mdogo wenye ncha kali, na kichana cha meno ya karibu.

Shika mwanzo wa uzi sambamba na shingo, zungusha mizunguko mitano au sita ya uzi juu ya uzi wenyewe, vuta kukaza, na ukate kipande kilichobaki. Endelea kuzungusha kuelekea nyuma mpaka mwisho wa shingo, kisha urudi mbele, ukiifunika risasi yote kwa tabaka moja lisilo na mapengo. Tabaka hili ndilo linalozishika nywele, maana juu ya risasi tupu zitateleza. Lipake tone jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi na ufunge fungu la kwanza kabla halijakauka.

Sasa kata nywele. Shika fungu dogo karibu na ngozi, kata, na kabla ya jambo jingine lolote lipitishe kichana kwenye upande uliokatwa, ili nywele fupi na zile laini kama pamba zilizo chini zidondoke zote. Utashangaa jinsi fungu linavyopungua. Kinachobaki, kikibanwa kati ya vidole, kisizidi unene wa njiti ya kiberiti kwa ndoana ya 1/0. Wanaoanza karibu wote hutia nywele nyingi mno, na mkia mnene hufanya mabaya mawili kwa pamoja: hauchezi, na huizuia jigi isizame. Majini nywele chache huonekana nyingi kwa sababu hutengana.

Lipime fungu kando ya ndoana. Ncha za nywele zipite pindo la ndoana kwa urefu usiozidi ule wa shina lenyewe; mkia mrefu kupita hapo utaumwa nyuma ya ncha, nawe utahisi mguso bila kupata samaki. Upande uliokatwa ukate tena kwa mshazari, ili unapofunikwa na uzi utengeneze mteremko badala ya ngazi. Weka fungu juu ya shingo, lishike kwa gumba na kidole cha shahada, na uzungushe mizunguko miwili iliyolegea. Usikaze bado. Ukivuta sasa, uzi utalisukuma fungu lizunguke upande wa pili wa shina. Mizunguko miwili ikishakaa, vuta uzi moja kwa moja kuelekea juu, huku vidole vikiwa vimelishikilia fungu lisihame, nawe utaona nywele zimezama na kutulia. Hapo ongeza mizunguko sita au saba mikali, mmoja kando ya mwingine.

Na hapa ndipo tunapoziba pengo la nywele zisizotanuka. Badala ya fungu moja nene juu, funga mafungu matatu membamba: moja juu na mawili ubavuni, ukiizungusha jiriwa au ukiigeuza ndoana kila mara. Kwenye ndoana ya 4/0 yawe matano au sita. Kila fungu lifungwe kwa uzi wake kabla ya kuweka linalofuata. Zari uiweke baada ya mafungu ya ubavuni, nyuzi mbili au tatu kila upande, zikiwa fupi kidogo kuliko nywele, na ukitaka mgongo wa kijani au wa buluu kama wa dagaa, fungu la rangi hiyo liwe la mwisho kabisa, juu.

Kumalizia kunawapa watu tabu isiyo na sababu. Chukua kipande cha mshipi mwembamba cha urefu wa kiganja, kikunje kiwe kitanzi, na ukilaze juu ya shingo, kitanzi kikitokeza upande wa kichwa na ncha zake mbili zikitokeza upande wa mkia. Zungusha uzi juu yake mara saba au nane, kwa mkazo, ukielekea kwenye kitanzi. Kata uzi ukiacha kipande cha kutosha, kipenyeze ndani ya kitanzi, kisha vuta zile ncha mbili: kitanzi kitarudi chini ya mizunguko kikiwa kimekokota mwisho wa uzi, nao utabaki umefukiwa bila fundo lolote la kufumuka. Kata kilichozidi.

Paka rangi ya kucha isiyo na rangi tabaka mbili, ukiiacha ya kwanza ikauke. Katika unyevu wa masika rangi hii huweza kukauka ikiwa na ukungu mweupe na isiyo na nguvu, kwa hiyo fanya kazi hii mchana wa jua. Kwa jigi za jabalini, ongeza gundi ya mirija miwili juu ya uzi wote, na uizungushe ndoana polepole mkononi mpaka gundi ianze kushika, vinginevyo itatiririka na kuganda upande mmoja. Angalia isiingie kwenye jicho la ndoana. Ikiingia, itoe kwa sindano kabla haijakauka.

Kuijaribu, na uzito wa kuchagua

Ijaribu jigi kwanza kwenye ndoo ya maji. Ishushe polepole na uitazame inavyoanguka: je, ncha iko juu kama ulivyokusudia? Je, mkia umefunguka, au umeshikana kama brashi iliyolowa? Mkia ulioshikana una nywele nyingi au una gundi iliyopanda juu kupita shingo.

Kuhusu uzito, kanuni inayofaa ni kutumia kichwa chepesi kuliko vyote ambavyo bado vinagusa chini. Hakuna namba moja ya kukupa, kwa sababu maji ya Mombasa hayatulii. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na maji hayo yote hupita katika milango myembamba ya Kilindini na Tudor. Gramu 7 zilizotosha jana yake maji yaliposimama zitasombwa bila kugusa chochote. Wakati wa maji mafu, ndani ya hori la Tudor au la Mtwapa, gramu 5 hadi 10 hufanya kazi karibu siku nzima. Kwenye mkondo, beba za gramu 20 hadi 30. Zifunge za uzito mbalimbali kwa mkia wa namna moja, na utaweza kubadilisha kulingana na maji bila kubadilisha chambo ambacho samaki wamekikubali. Kumbuka pia kwamba mkia mnene huipunguzia jigi mwendo wa kuzama, kwa hiyo vichwa viwili vya uzito sawa vinaweza kuanguka kwa kasi tofauti.

Rangi nyeupe ndiyo ya kwanza kuifunga na ndiyo utakayoitumia mara nyingi kuliko nyingine. Ya hina ifuate, kwa ajili ya maji ya matope karibu na mikoko. Palipo na mzia, weka waya mfupi mbele ya jigi, kwa kuwa meno yake hukata mshipi mara moja. Wala usipeleke jigi ndani ya Mbuga ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, kwa sababu humo uvuvi wa aina yoyote umekatazwa. Waulize wavuvi wa hapo mpaka wake kabla ya kurusha.

Baada ya kuvua, suuza jigi kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uzitundike zikauke kabla ya kuzirudisha kwenye kopo, kwa sababu jigi moja iliyolowa hutia kutu zote zilizo jirani. Chunguza uzi wa shingo kwa ukucha. Ukiona umeanza kunyanyuka, usingoje ufumuke majini: ukate kwa wembe upande wa juu wa shingo, uondoe mkia wote, lowesha gundi na uikwangue ikiwa mbichi ili vumbi la risasi lisiruke, noa ncha kwa tupa ndogo, na kichwa hicho kitafungwa upya.